Fundi Anajibu: Kadi ya Video kwa Monita ya Mashine ya Gemu

Barua za safari hii karibu zote zimegusa jambo moja, nalo nalipenda sana: kuifufua mashine ya gemu za sarafu kwa kompyuta huku ukibaki na monita yake ya chogo. Nimeziunganisha zilizofanana. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nyingine zote zinaiegemea.

Fundi, shikamoo. Nimepata kabati zima la mashine ya gemu, la kusimama. Monita yake ya chogo ya inchi 19 bado inawaka, ila ubao wa gemu umekufa. Nataka kuweka kompyuta yenye MAME, programu ya kuigiza mashine za gemu, mahali pa ubao. Rafiki yangu mmoja anasema ninunue kadi ya video mpya yenye nguvu ili isipitwe na wakati. Mwingine anasema kadi yoyote yenye tundu la VGA inatosha. Nimsikilize yupi?

Marahaba. Wote wawili wanakutakia mema, lakini wote wameanzia kwenye kadi. Wewe anzia kwenye monita. Kadi ikiungua utapata nyingine. Mabomba ya picha ya monita za aina hiyo viwanda vyake viliacha kuyatengeneza, kwa hiyo lililomo ndani ya kabati lako lilinde kama mboni ya jicho.

Monita ya chogo huchora kwa mwale wa elektroni unaokimbia kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, hadi chini ya kioo, kisha unarudi juu na kuanza tena. Namba ya kwanza ya kuijua ni mistari mingapi inachorwa kwa sekunde moja. Gemu nyingi za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 zina mistari ipatayo 262 kwa kila picha, ukijumlisha na ile isiyoonekana juu na chini, na picha kama 60 kwa sekunde. Zidisha, unapata 15,720. Hiyo ndiyo monita ya kilohezi 15, yaani mistari elfu 15 na ushee kwa sekunde. Kompyuta, tangu VGA ilipoanza mwaka 1987, hutoa mistari 525 kwa picha, mara 60 kwa sekunde. Hapo umefika kilohezi 31.5, mara mbili ya kile ambacho monita yako iliundwa kukimeza.

Sasa ukichomeka kompyuta ya kawaida kwenye monita hiyo, usitegemee ikuandikie ujumbe kwamba imeshindwa, kama bapa za siku hizi zinavyofanya. Itajaribu. Utaona picha imepasuka vipande viwili au vitatu vilivyolala kimshazari, utasikia mlio mwembamba, na wakati huo transista ya kutoa mlalo na flaibeki, ile transfoma ya volti kubwa ya monita, zinapata moto kupita kawaida. Ziko monita zinazovumilia hali hiyo na ziko zinazokufa papo hapo. Nimezifungua nyingi zilizoletwa na transista hiyo ikiwa imekatika, na swali langu la kwanza kwa mwenye mashine huwa ni kompyuta gani aliiunganisha.

Kwa hiyo rafiki wa pili hajakosea kuhusu tundu, ila tundu la VGA linakuambia umbo la plagi tu. Halikuambii kinachopita ndani yake. Rafiki wa kwanza naye anafikiria gemu za kisasa. MAME inategemea zaidi prosesa, na hasa kasi ya kiini kimoja. Picha ya mistari 224 haiitishi nguvu yoyote ya maana kutoka kwenye kadi. Unachokitaka kwenye kadi ni vitu viwili: itoe mawimbi ya analogi yenyewe, na draiva yake, programu inayoiongoza kadi, ikubali kushushwa hadi kilohezi 15.

Hapo ndipo ninaposema bila kusita: tafuta Radeon ya zamani, kadi ya kampuni ya AMD. Sababu ni programu iitwayo CRT Emudriver. Ni draiva za AMD zilizorekebishwa na watu wa fani hii hii ili kadi itoe picha za mistari michache kwa masafa ya monita za gemu, kwenye Windows. Kwa Linux, kadi hizo hizo ndizo zinazokubali kwa urahisi zaidi, na upo mfumo uliotengenezwa kwa kazi hii pekee, GroovyArcade, unaouweka na kuanza kucheza.

Kadi ninayoiweka mara nyingi ni Radeon HD 5450. Ni ndogo, haina njaa ya umeme, nyingi hazina hata feni, na ndani ya kabati lenye vumbi feni ni kitu cha kwanza kukwama. HD 4350 na HD 6450 ni za ukoo huo huo nazo hazijawahi kuniangusha. Ukitaka yenye nguvu zaidi kwa sababu utacheza pia gemu za 3D za baadaye, panda hadi R7 240 au R7 250. Wanaotaka nguvu ya mwisho kabisa inayopatikana upande huu huchukua R9 380 au 380X.

Baada ya hapo mlango unafungwa. AMD waliondoa analogi kwanza kwenye R9 290 na 290X mwaka 2013, halafu kuanzia kadi za RX 400 za mwaka 2016 hakuna tena. NVIDIA nao walifanya hivyo mwaka huo huo wa 2016 walipotoa GTX za mfululizo wa 10. GTX za mfululizo wa 900 bado zina analogi, lakini kwa kilohezi 15 kwenye Windows zina ubishi mwingi, na mimi sizipendekezi wakati Radeon ndogo inafanya kazi hiyo kimya kimya.

Ukiwa dukani au mbele ya muuzaji wa mtumba, usitazame boksi, tazama tundu. Kama kuna VGA, tundu la buluu lenye matundu 15, vizuri. Kama ni DVI tu, angalia ule mpasuo mpana wa pembeni. Ukiwa umezungukwa na matundu manne madogo, mawili juu na mawili chini yake, hiyo ni DVI-I na analogi imo ndani. Adapta rahisi ya plastiki itakupa VGA. Mpasuo ukiwa peke yake bila yale manne, hiyo ni DVI-D, irudishe mezani.

Jambo moja huwakamata watu wanaotumia kompyuta mpya kiasi. Kadi hizi ndogo za zamani nyingi hazielewi uwashaji wa UEFI. Ingia kwenye mipangilio ya ubao mkuu uwashe CSM, ule uwashaji wa mtindo wa zamani. Kama ubao wako hauna CSM kabisa, kadi inaweza kukaa giza hadi ukadhani ni mbovu. Kwa kazi hii mimi hupenda kompyuta ya ofisi iliyostaafu: ina nafasi ya PCI Express, CSM ipo, na prosesa yake inatosha kwa gemu zote za miaka hiyo.

Kisha chukua GroovyMAME badala ya MAME ya kawaida. Tofauti yao utaiona kwa macho. MAME ya kawaida hupokea ukubwa wa picha uliopo na kuinyoosha gemu iingie humo. GroovyMAME husoma gemu yenyewe inataka nini, ikaiamuru kadi itoe hicho hicho. Na gemu hazilingani hata kidogo. Street Fighter II ya mwaka 1991 ina pikseli 384 kwa 224 na picha 59.63 kwa sekunde. Gemu za Neo Geo zina picha 59.18. R-Type ya mwaka 1987 ina picha 55 tu, na Mortal Kombat ya mwaka 1992 ina 54.7. Ukiilazimisha Mortal Kombat kwenye picha 60, mandhari ya nyuma yanaposogea utaona mtikisiko mdogo unaojirudia, kwa sababu baadhi ya picha zinarudiwa ili idadi itimie. Ukiipa 54.7 zake, inateleza kama siku ilipotoka kiwandani. Mimi nikimwonyesha mtu tofauti hiyo kwenye monita moja, simwelezi kitu, namwacha atazame.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba Street Fighter II, R-Type na Neo Geo zote tatu zina mistari 15,625 kwa sekunde, sawasawa kabisa. Moja inaigawa kwa mistari 262, nyingine kwa 284, nyingine kwa 264, na hapo ndipo zinapoachana. Monita yako inayahimili yote hayo bila shida ilimradi kadi itamke namba sahihi.

Kaka Fundi, habari za kazi. Nimefuata ushauri wa Radeon na kilohezi 15, picha ni safi gemu inapocheza. Lakini kila nikiwasha kompyuta, kabla Windows haijaingia, monita inapiga kelele na picha inachanika kwa sekunde kadhaa. Je, ina madhara?

Nzuri, ndugu yangu. Ndiyo, ina madhara. Zile sekunde ni maandishi ya mwanzo ya kompyuta, na hayo hutoka kwa kilohezi 31.5 kwa sababu draiva yako bado haijaamka. Kila siku unaipa monita dozi ndogo ya sumu.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni swichi: monita iwe na swichi yake, uiwashe baada ya kompyuta kumaliza kuamka. Inafanya kazi vizuri kwa mtu mmoja mwangalifu. Kabati likiwa mahali ambapo watoto na wageni wanaliwasha, usiitegemee.

Njia ya pili ni kuandika upya bayosi ya kadi, programu ya kuamkia iliyomo ndani yake. Kwa Radeon za zamani ipo programu iitwayo ATOM-15 inayobadilisha bayosi ili hata maandishi ya mwanzo yatoke kwa kilohezi 15. Hifadhi nakala ya bayosi ya asili kwanza, na uwe na kadi nyingine ya kuwashia kompyuta endapo uandishi utakatika katikati. Siyo kazi ya usiku ukiwa umechoka. Ikikubali, lakini, raha yake ni kubwa: unaona kompyuta ikiamka kuanzia herufi ya kwanza juu ya kioo cha gemu.

Ya tatu ni kutumia kadi iliyokwisha kufanyiwa hivyo, kama ArcadeVGA ya kampuni ya Ultimarc, ambayo ni Radeon yenye bayosi ya kilohezi 15 tangu mwanzo. Ya nne, kampuni hiyo hiyo ina kibao kiitwacho J-PAC, kinachokaa kati ya kompyuta na nyaya za kabati. Kibao hiki kinazuia ishara za usawazishaji, zile zinazoiambia monita mstari na picha vinaanzia wapi, zilizozidi kilohezi 15 zisifike kwenye monita. Mimi kwenye kabati la kuachiwa watu huweka kizuizi cha namna hii hata kama bayosi imeshabadilishwa, kwa sababu kuna siku Windows itajisasisha na kusahau draiva yako.

Mwalimu, salaam. Nimeunganisha waya wa VGA moja kwa moja kwenye monita: nyekundu, kijani, buluu na ardhi. Picha inaonekana lakini ni hafifu kama ya jioni, tena inapanda juu bila kusimama. Kadi yangu ni mbovu?

Kadi yako ni nzima, dada yangu. Una matatizo mawili tofauti, na kabla sijayagusa nina swali ambalo ni kubwa kuliko yote mawili: monita yako inapata umeme kupitia transfoma ya kutenga?

Monita nyingi za mashine za gemu zimejengwa bila kutengwa na umeme wa ukutani. Chesisi yake, ule ubao na fremu ya chuma, iko hai, yaani ina umeme. Ndani ya kabati la asili kuna transfoma nzito iliyofungwa kwenye sakafu ya mbao, na kazi yake pekee ni kuitenga monita. Watu huitoa wakidhani ni ya ubao wa gemu uliokufa. Ukishaitoa, halafu ukaunganisha ardhi ya kompyuta kwenye ardhi ya monita, umeunganisha umeme wa ukutani na ethi. Ukibahatika itakatika fyuzi. Usipobahatika utapoteza chesisi ya monita, kadi na ubao mkuu kwa mpigo mmoja, na mkono wako ukiwa umegusa, ni zaidi ya mali. Zima sasa hivi, ukaangalie. Na ukiwa nyuma ya monita, kaa mbali na ile kofia ya mpira ubavuni mwa bomba. Pale kuna volti zinazozidi 20,000, na bomba hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi.

Sasa turudi kwenye picha. Kupanda juu kunatokana na ishara za usawazishaji. VGA hutoa mbili: ya mlalo kwenye pini namba 13 na ya wima kwenye pini namba 14. Kwenye barua yako umetaja rangi tatu na ardhi tu. Kama hukuziunganisha hizo mbili, monita haijui picha inaanzia wapi. Kama umeiunganisha ya mlalo peke yake, picha itatulia kushoto na kulia lakini itapanda au kushuka, kama unavyoeleza. Fungua kitabu cha monita au soma maandishi ya kwenye chesisi karibu na plagi ya picha. Ziko monita zinazotaka ishara mbili mbalimbali, na ziko zinazotaka zote mbili zimeunganishwa kwenye waya mmoja. Kwa hizi za pili utahitaji saketi ndogo ya kuziunganisha. Nyingi zinataka ishara hasi, na hilo unalipanga kwenye programu bila kushika chuma cha kulehemu.

Uhafifu ni jambo jingine kabisa. Kadi ya kompyuta hutoa rangi kwa volti 0.7 tu zinapokuwa kwenye kilele. Ubao wa gemu wa mtindo wa JAMMA, ule mpangilio wa nyaya wa makabati mengi, hutoa volti kadhaa, na monita imepangwa kupokea hizo. Kwa hiyo inaona rangi zako kama mnong'ono. Jaribu kwanza kuongeza mwangaza na kontrasti kwenye virekebishi vya chesisi, maana baadhi ya monita zina akiba ya kutosha na utamaliza kazi hapo. Usiguse kile kirekebishi cha "screen" kilicho kwenye flaibeki kwa pupa. Ukikizidisha utaona picha imeng'aa, lakini weusi unakuwa kijivu na mistari ya kurudi kwa mwale inajitokeza. Kama akiba ya monita haitoshi, weka kikuza rangi. J-PAC niliyoitaja juu ina kikuza rangi ndani yake na inaunganisha ishara za usawazishaji pia, ndiyo maana kwa kabati lenye nyaya za JAMMA ninaichagua kuliko kulehemu vipande vipande.

Nina kompyuta yenye kadi mpya isiyo na VGA, ina HDMI na DisplayPort tu. Adapta za HDMI kwenda VGA ziko kila mahali. Zitanitoa?

Adapta hizo hubadili dijitali kuwa analogi. Hazishushi kilohezi 31 kuwa 15. Kadi bado ndiyo inayotakiwa kutoa masafa sahihi, na hapo kuna kizingiti. Picha ya pikseli 320 kwa 240 ya kilohezi 15 inahitaji saa ya pikseli, yaani kasi ya kutoa pikseli, ya megahezi 6 na ushee. HDMI kwa kawaida haishuki chini ya megahezi 25.

Wajuzi wa fani wana ujanja ninaouheshimu sana. Wanaacha mistari 240 vile vile, ila upana wanaujaza hadi pikseli 2560. Saa ya pikseli inapanda hadi karibu megahezi 50, na kadi inaridhika. Monita ya chogo yenyewe haihesabu pikseli za upana, inaona mwangaza unaopanda na kushuka ndani ya mstari mmoja, basi kwake hakuna kilichobadilika. Na 2560 haikuchaguliwa ovyo: inagawanyika kwa 256, 320, 512 na 640 bila salio, kwa hiyo gemu za upana huo kila pikseli yake inanenepa sawasawa. Kwa gemu ya upana wa 384 mgawanyo haukamiliki, lakini vipande ni vidogo mno kiasi kwamba jicho haliwezi kuona.

Kati ya hizo mbili, chagua DisplayPort. Adapta nyingi za DisplayPort kwenda VGA hupitisha masafa haya bila kubishana, kuliko za HDMI. Lakini fahamu kwamba kwenye kadi mpya unaweza kukosa picha za mistari ya kupokezana, zile za 480 zinazochorwa nusu ya mistari kisha nusu nyingine, kwa sababu draiva mpya zimeziacha. Kwa gemu za mistari 224 au 240 hutaona pengo. Kwa menyu na eneo-kazi la Windows utaliona.

Kwa moyo mweupe kabisa: kama kompyuta yako ina nafasi ya PCI Express iliyo wazi, Radeon ya mtumba itakusumbua kidogo kuliko adapta yoyote.

Na kompyuta ya mkononi yenye picha za Intel, je?

Kwa monita ya kilohezi 15, hapana. Huna nafasi ya kadi, na draiva ya Intel kwenye Windows haishuki hadi hapo kwa namna ya kutegemewa.

Monita yangu imeandikwa 15/24/31. Muuzaji anasema hiyo haihitaji kadi maalumu.

Muuzaji amesema nusu. Monita hiyo haitaumia kompyuta ikiwashwa, na hilo ni jambo kubwa: maneno yote niliyosema kuhusu sekunde za mwanzo hayakuhusu. Unaweza kuchomeka kadi yoyote ya analogi na ukacheza kwa kilohezi 31. Lakini gemu ya mistari 224 ukiichora kwa kilohezi 31 kila mstari unachorwa mara mbili, na zile nafasi nyeusi kati ya mistari, zinazoipa picha ya chogo sura yake, zinapotea. Umelipia monita inayojua lugha tatu, usiizungumzishe moja. Weka Radeon ile ile na GroovyMAME, uiambie kwenye mipangilio kwamba monita ni ya masafa matatu. Pac-Man, kwenye monita iliyogeuzwa wima, itatoka kwa kilohezi 16, Daytona USA ya Sega itatoka kwa 24 kama ilivyokuwa kwenye kabati lake, na gemu za NAOMI, mtambo mwingine wa Sega, zitatoka kwa 31. Sikiliza monita inapobadilisha masafa, utasikia mlio mdogo wa rilei. Ni wa kawaida.

Fundi, monita yangu imelala, lakini mimi na mke wangu tunapenda Pac-Man na Galaga, ambazo zilikuwa za kusimama wima. Kadi ipi itazionyesha vizuri bila kugeuza monita?

Hapa kadi haina la kufanya, mpendwa. Hesabu inakataa. Pac-Man kwenye kabati lake ilikuwa na monita iliyogeuzwa ubavu, na mwale ulichora mistari 224 ikisimama wima. Kwenye monita iliyolala, urefu wa picha unakuwa pikseli 288, kwa hiyo unahitaji mistari 288 inayoonekana. Ongeza ishirini na kitu isiyoonekana, zidisha kwa picha 60.6 kwa sekunde, umevuka kilohezi 18.5. Monita ya kilohezi 15 haifiki huko, na usijaribu kuilazimisha.

Una njia tatu. Kwanza, kuipunguza kasi hadi picha 50 kwa sekunde, ambapo mistari 288 inaingia; lakini gemu itakwenda polepole na wimbo wake utavutika, nami siwezi kuivumilia. Pili, mistari ya kupokezana ya 480: kasi inabaki sahihi, picha inakuwa ndogo katikati ya kioo, na mistari ya mlalo inachezacheza kidogo. Galaga yenye mandhari meusi inastahimili hali hiyo vizuri. Kwa gemu ya mara moja moja, hiyo inatosha.

Lakini nyinyi wawili mnazipenda gemu hizo. Basi igeuzeni monita. Makabati mengi yana fremu yenye matundu ya boliti pande zote nne kwa ajili hiyo hiyo. Zimeni, chomoeni plagi, na muwe wawili kuinyanyua, mmoja ashike fremu kila upande na asiwepo anayeshika shingo ya bomba. Kwenye MAME chagueni kuzungusha picha kushoto au kulia kufuatana na upande mlioigeuzia. Mkiwasha mnaweza kuona madoa ya zambarau au kijani pembeni, kwa sababu bomba limebadili mwelekeo wake mbele ya sumaku ya dunia. Msiguse kitu. Zimeni, muiache ipoe kabisa, kisha muiwashe tena: koili ya kuondoa sumaku hufanya kazi yake pale monita inapowashwa ikiwa baridi. Doa likibaki baada ya kurudia hivyo, niandikieni tena mkinitajia lipo kona ipi.